KUKU, MBWA NA MWENZETU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Gungu, Kigoma)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Mimi ni daktari wa mifugo, mtumishi wa Serikali. Wengi mnatujua kwa chanjo na ukaguzi wa nyama. Leo nitasema juu ya saratani, maana wanyama nao huugua, na ugonjwa wao umetufundisha mengi juu ya wetu.

Mwaka 1911, huko New York, Peyton Rous alionyesha kwamba saratani ya kuku yaweza kuhamishiwa kuku mwingine kwa maji yaliyochujwa, yasiyo na seli hata moja. Ndani yake mlikuwa na kirusi. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, miaka 55 baadaye! Watafiti waliomfuata waligundua kwamba kirusi kile hubeba jeni inayotengeneza kimeng'enya cha aina iitwayo kinasi. Tena mwaka 1976 Bishop na Varmus na wenzao walionyesha kwamba jeni hiyo asili yake ni seli za kuku wazima. Sisi binadamu pia tunayo.

Kinasi hufanya nini? Watu wa Kigoma mtanielewa upesi. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa huwasha taa ziwani. Kukipambazuka huzizima, wakarudi ufukoni. Ndani ya seli, protini nyingi ni kama taa hizo. Kinasi hubandika fosfeti juu ya protini, na mara nyingi protini huamka ikafanya kazi. Kimeng'enya kingine, fosfatasi, huibandua fosfeti, protini ikatulia. Katika saratani nyingi kuna kinasi iliyoharibika: taa haizimiki, seli zinagawanyika usiku na mchana.

Nilipokuwa nikisoma Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, aliletwa mbwa mwenye kivimbe ubavuni. Siku ile ile tulichukua sampuli tukaitazama kwa darubini. Ilikuwa saratani ya ngozi ambayo, kwa baadhi ya mbwa, hutokana na kuharibika kwa kinasi iitwayo KIT. KIT hiyo hiyo huharibika katika saratani fulani ya tumbo la binadamu. Mwaka 2009 Marekani iliidhinisha dawa ya kuizuia kwa mbwa, toceranib.

Sasa nakuja kwa mwenzetu. Miaka kadhaa iliyopita alinishikisha tumbo lake, upande wa kushoto chini ya mbavu. Lilikuwa gumu. Alikuwa akichoka na kukonda. Nikamwambia, "Bandama hiyo, ndugu yangu. Malaria ya kwetu. Meza dawa." Mbwa wa mtu nisiyemjua tulimpima siku ile ile, rafiki niliyelala naye bweni moja sikumwambia hata akapime damu.

Alipofika Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, ikaonekana ni saratani ya damu, ile iendayo polepole kisha hugeuka kali. Vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana mahali, ikazaliwa kinasi isiyozimika. Jambo la namna hiyo limeonekana hata kwa mbwa. Dawa yake, imatinib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, na hapa Tanzania wagonjwa wamekuwa wakiipata kwa mpango wa msaada. Wengi waianzao mapema huishi miaka mingi, wakilima na kulea watoto wao. Mwenzetu aliikuta ugonjwa umekwisha kuwa mkali. Tulimzika Ujiji.

Mjane wake ameniruhusu niyaseme haya bila kutaja jina.

Vijana, someni bayolojia na kemia. Anayedharau kuku wa Rous hataielewa damu yake mwenyewe. Nasi watu wazima, bandama iliyovimba na uchovu usiokwisha visiishie kwenye vidonge vya malaria. Nendeni mkahesabiwe chembe za damu. Akitokea rafiki msomi akawapa jibu la haraka kama langu, mshukuruni, kisha mwende hospitali.