Fukusi wa Migomba



Mara nyingi mtu hukuta mgomba wake umeanguka na mkungu wake haujakomaa, akaulaumu upepo. Lakini upepo huuangusha upesi mgomba ambao umekwisha kuliwa chini. Kikulacho ki nguoni mwako, na adui huyu yumo ndani ya kitako cha mgomba. Ndiye fukusi.

Fukusi mzima ni mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu uliopinda, na urefu wake ni sentimita 1 au zaidi kidogo. Mchana hujificha penye unyevu, usiku hutembea. Mabawa anayo, lakini ni nadra sana kuyatumia. Jike hutoboa tundu dogo karibu na kitako, akataga yai moja, kisha huenda kutaga jingine mahali pengine. Baada ya siku 6 hadi 8 hutoka buu mweupe asiye na miguu. Huyu ndiye mharibifu. Hula akichimba njia ndani ya kitako kwa majuma 3 au zaidi, hata mizizi ikakosa nguvu. Kisha hugeuka bundo humo humo, asile wala asitembee, na baada ya juma 1 hivi hutoka fukusi mpya. Huyo aweza kuishi hata miaka 2.

Sasa uangalieni udhaifu wake. Jike hutaga mayai machache tu kwa juma, wala hasafiri mbali kwa nguvu zake. Basi amefikaje katika shamba jipya? Ameletwa na mwenye shamba mwenyewe, ndani ya chipukizi.

Kwa hiyo chimbueni machipukizi katika shamba safi. Menyeni kitako huko huko mpaka kiwe cheupe, na chenye njia nyingi za mabuu msikipande. Yaliyomenywa yasilale shambani humo, maana usiku majike huja kutaga.

Mkisha kuvuna, katakateni shina vipande vidogo vikauke upesi. Lakini bakizeni kipande cha sentimita 30 hivi, mkipasue katikati kwa urefu, mkilaze karibu na migomba, upande uliopasuliwa ukielekea chini. Fukusi watakusanyika hapo. Kila asubuhi waokoteni, mwaue. Kwa kuwa huzaa polepole, kila jike auawaye ni hasara kubwa kwao.

Na jirani akikuomba chipukizi, limenye kwanza ndipo umpe. Usimpe pamoja na adui.