Tulivyosomesha Watoto na Mahali Tulipokosea
(Hotuba ya Mwenyekiti)



Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa na sanduku la kufuli tatu na shabaha moja: watoto wasome. Wengi wetu tuliishia darasa la saba miaka ya themanini, wala si kwa kukosa akili. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Kwa hiyo serikali ilipofuta ada mpaka kidato cha nne mwaka 2016, tulishangilia, na mikopo yetu ikaenda kwenye sare, madaftari na tuisheni.

Lakini leo tuseme kweli. Pamoja na hela, tuliwabebesha watoto hamu zetu wenyewe. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, tulikuwa tunayasoma mkutanoni mbele ya wote. Mwenye divisheni wani, mama yake anapigiwa vigelegele. Mwaka mmoja mwenzetu akasimama akasema, "Wangu amepata ziro," akakaa. Hakuna aliyemjibu. Binti yake akaacha kupita njia ya sokoni, akawa anazungukia mashambani asikutane na sisi mama zake wadogo. Miezi mingi alipita huko. Njia ile tuliifunga sisi.

Tulipomwita tukamsikiliza, tuligundua mengi. Rafiki hakuwa naye. Akitoka shule ni tuisheni, akirudi ni maji na kuni, na Jumapili akikaa na wenzake tunauliza wanapanga nini. Kaka yake alikuwa mpirani hadi usiku, haulizwi. Na tangu darasa la tano yeye alipenda kushona, ila sisi tulishamwita nesi. (Hata kwa mwenyekiti wenu yuko mmoja aliyeitwa mwalimu tangu anatambaa.)

Basi tukabadili katiba. Matokeo hayasomwi tena mkutanoni. Mama akitaka atasema mwenyewe. Mkopo wa elimu unatolewa hata kwa anayekwenda VETA au kujifunza kwa fundi, na mtoto anakuja kueleza anachotaka kabla sanduku halijafunguliwa. Wengine hawakupenda. Walisema tunalea uvivu, na mpaka leo tunabishana.

Binti yule yumo humu ukumbini. Mama yake ametuomba tusimtaje, nasi hatumtaji. Sasa tumpishe mhazini asome taarifa ya fedha, maana na pilau limeshaiva.