Misemo ya Kiingereza ya Kuongezeka Ghafula

Leo twapenda kuzungumza juu ya misemo michache ambayo Waingereza huitumia waelezapo jambo lililoongezeka ghafula. Wanafunzi huipenda sana, tena huichanganya kana kwamba yote ina maana moja. Sivyo.

Mtu wa Bomang'ombe hahitaji mwalimu wa kumweleza msemo wa kwanza, "to spread like wildfire". Yeye hukaa uwandani, naye amekwisha kuona wakati wa kiangazi jinsi cheche moja ishikavyo majani makavu, upepo ukaichukua hata mbali. Msemo huu wafaa kwa habari, uvumi na maradhi. Wa pili ni wa uyoga. Waingereza hulifanya jina "mushroom" kuwa kitendo, na maana yake ni kutokea vingi kwa mara moja. Nasi twasema vitu vimechipuka kama uyoga, basi hapa hapana taabu. Nyumba na maduka yaliyoota kando ya barabara ya Moshi na Arusha, pale njia ya Sanya Juu inapoachana nayo, yastahili msemo huo.

Lakini kahawa ya Kilimanjaro je? Wako wasemao kwamba ilienea mlimani kama moto. Hasha! Mapadre waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na mbuni hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vema. Moto gani huo ungojao miaka minne? Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukaja ushirika wa KNCU. Kwa mwendo wa namna hii Waingereza wana neno "to snowball". Donge dogo la theluji likiviringika mteremkoni huokota theluji nyingine, na kadiri linavyokua ndivyo linavyozidi kuokota. Vivyo hivyo jirani akiona kahawa ya mwenzake imempatia karo ya watoto, naye hutafuta miche. Wa tatu akawafuata hao wawili. Huo ndio msemo wa kahawa, na wenyeji wa Kibo hawana haja ya kuelezwa theluji ni nini, ingawa wengi wetu twaitazama tu kwa mbali.

Bei ya kahawa ni jambo jingine kabisa. Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni ya Brazil, hasa katika jimbo la Paraná. Huko New York ratili moja ya kahawa, iliyokuwa chini ya dola 1, ikapita dola 3 mwaka 1977. Hapo ndipo pafaapo neno "to skyrocket", yaani kupaa kama fataki. Lakini wanafunzi wengi hulishika nusu tu. Waingereza wenyewe husema kwamba kilichopanda kama fataki huanguka kama kijiti chake, maana baruti ikiisha kuwaka hakibaki ila kijiti. Kwa hiyo mkulima aambiwapo kwamba bei imepaa kama fataki, naye ataka kukopa fedha ili aongeze shamba, na ahesabu kwanza. Mche uliopandwa Machame mwaka 1977 ulifikia kuzaa vema kama mwaka 1981, na mwaka huo bei ya dunia ilikuwa karibu nusu ya ile ya 1977.