Maneno ya Daktari wa Mifugo Katika Mkutano wa Wanaushirika

(Yamebandikwa hapa kwa faida ya ndugu waliokuwa machungani.)



Mmeniuliza kazi yangu hasa ni ipi, maana wengine wanasema, "Huyu bwana anakuja na sindano, halafu anaanza somo!" Ni kweli. Kazi yangu ni tatu: kutibu, kufundisha na kupashana habari. Ukiondoa moja, mbili zilizobaki hazisimami.

Kwanza kutibu. Ndigana kali huletwa na kupe. Ndama hupata homa, tezi za chini ya sikio huvimba, mwisho anahema kwa shida. Ukiniita tezi zikianza kuvimba, dawa inaweza kumwokoa. Ukiniita akishatoa povu puani, mara nyingi nakuja kuangalia mzoga tu.

Ndiyo maana nafundisha. Sindano yangu moja inatibu ng'ombe mmoja. Lakini mama anayekamua akijua kupapasa tezi kila asubuhi, zizi zima limepata mlinzi. Na josho lisilale, jamani!

Tatu, habari. Sotoka mmeisikia kwa wazee. Miaka ya 1890 ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, njaa ikafuata. Miaka ya 1950 na 1960 Daktari Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri pale Muguga, Kenya. Ila chanjo ile ilitaka baridi, na barafu haifiki machungani. Baadaye ikapatikana inayostahimili joto, na wafugaji wenyewe, kama wa Karamoja kule Uganda na Afar kule Ethiopia, wakafundishwa kuchanja na kutoa taarifa. Sotoka ilionekana mara ya mwisho Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imekwisha duniani. Madaktari peke yao wasingeweza.

Sasa neno gumu. Ng'ombe akifa ghafla, baadhi yetu tunanyamaza kwa kuogopa karantini, tunachuna, tunagawana nyama. Ndugu zangu, akifa ghafla, amevimba, na damu inamtoka puani wala haigandi, shuku kimeta. Usipasue! Usichune! Zuia watoto na mbwa, mwite mtaalamu. Mzoga utachomwa au kufukiwa chini sana. Mbegu za kimeta hukaa ardhini miaka mingi, na mtu pia humwua. Ukificha, umemchimbia jirani kaburi.

Mzee mmoja ameniuliza, "Nikitoa taarifa, ng'ombe wangu nani atanilipa?" Mzee wangu, sina ahadi ya fidia, na sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba taarifa ikija siku hiyo hiyo, tunawahi kuwachanja waliobaki, wako na wa jirani. Ikichelewa, tutahesabu mizoga pamoja.

Kwa hiyo habari ipelekwe kwa Katibu siku ile ile, hata usiku.