Matabaka ya Hewa na Swali la Mjomba



Nimefanya kazi ya hali ya hewa maisha yangu yote, na nina deni hapa kijijini. Mwaka mmoja nilimwambia mjomba wangu apande mahindi yote mapema, kwa kuwa utabiri wa kompyuta ulisema mvua za Desemba zingekuwa nzuri. Mbegu zilikauka ardhini. Mjomba hakunigombeza. Aliuliza tu: "Mpwa wangu, hiyo mashine yenu inaona nini huko juu?" Leo namjibu.

Kompyuta huigawa hewa katika matabaka, moja juu ya jingine, na katika kila sehemu ya tabaka huweka joto moja, unyevu mmoja na upepo mmoja. Sote tumechimba maji korongoni. Anayechungulia mchanga kila baada ya mita tano ataruka tabaka jembamba la mfinyanzi linaloshikilia maji, kisha ataapa kwamba maji hayapo. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo.

Chukueni mfano. Mwaka 1883 volkano ya Krakatoa, Indonesia, ilirusha vumbi lililoizunguka dunia likielekea magharibi. Wataalamu wakasema upepo wa juu kwenye ikweta hutoka mashariki. Mwaka 1908 Arthur Berson, kutoka Ujerumani, alirusha maputo yenye vipimo huku kwetu, Ziwa Victoria, akakuta huko juu upepo utokao magharibi. Nani mkweli? Wote wawili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Richard Reed wa Marekani na R. A. Ebdon wa Uingereza walionyesha kwamba pepo hizo hupokezana. Mzunguko mzima huchukua miezi kama 28, na kila upepo huanzia juu ukishuka kadiri ya kilomita moja kwa mwezi.

Zamu hizo huendeshwa na mawimbi ya hewa, mengi yakipanda kutoka kwenye mawingu ya mvua ya tropiki. Modeli yenye matabaka ya kilomita mbili mbili kule juu huyapoteza mawimbi hayo, na zamu hazitokei. Matabaka yakiwa membamba, kama nusu kilomita, zamu zaweza kuonekana. Modeli nyingi za miaka ya 1980 zilikuwa na matabaka yasiyofika 20. Kituo cha utabiri cha nchi za Ulaya kilifikisha 137 mwaka 2013.

Lakini tusidanganyane. Matabaka peke yake hayatoshi. Ikiwa kila mraba wa modeli una upana wa kilomita 100, basi Busi, Kondoa mjini na milima ya Irangi huhesabiwa kitu kimoja. Wala sisemi kwamba upepo wa Berson ndio uliokausha mahindi ya mjomba. Kosa lilikuwa langu: nilimpa jibu la kompyuta bila kumwambia macho yake yanaishia wapi.

Vijana mnaosoma fizikia na hesabu, ombi langu ni moja. Mkimpelekea mkulima utabiri, mpelekeeni na mipaka yake. Mjomba siku hizi hupanda nusu ya shamba kwa mvua ya kwanza, nusu huisubirisha. Miaka yote hii kazini sijapata ushauri unaoushinda huo.