Kumbukumbu ya Kompyuta ya Mezani: Isomeni Lebo Kabla ya Kulipa

Tumekuja kuzungumza juu ya kipande chembamba chenye urefu wa sentimita 13 na ushei, ambacho mafundi na wauzaji hukiita RAM, nasi tutakiita kumbukumbu. Ni kitu kidogo, lakini kimeshakula akiba ya watu wengi.

Yupo kijana mmoja wa wilaya hii, mwenye duka la steshenari. Kazi yake ni kuchapa barua, kurudufu vyeti, na kuwajazia wahitimu wa kidato cha sita maombi yao ya mkopo wa elimu ya juu kwa njia ya mtandao. Aliamua kujiundia kompyuta ya mezani, kwa kuwa mashine iliyokamilika ilimzidi kimo. Boksi alilipata kwa rafiki, ubao mama na prosesa vilikuwa vya mtumba, na kumbukumbu akaifuata mjini, akauziwa vipande viwili vya GB 8 kwa nusu ya bei aliyoizoea. Vilipachikwa, vikaingia sawasawa. Alipowasha, feni zilizunguka, mashine ikalia tiii, tiii, na skrini ikabaki nyeusi. Fundi akasema ubao mama umekufa. Kijana akakopa kwenye kikoba chake anunue mwingine, naye huo wa pili ukalia vilevile. Msimu wa maombi ukapita huku wateja wakienda duka la jirani.

Vipande vile vilikuwa vizima kabisa. Kosa ni kwamba vilitengenezwa kwa ajili ya seva, yaani zile kompyuta kubwa za kuhudumia mitandao, na ubao wa kompyuta ya kawaida hauwezi kuvitumia.

Kabla hatujaeleza namna ya kuvitambua, tuseme kumbukumbu ni nini. Wanaolima mboga wanajua tofauti ya ghala na meza ya kuchambulia. Diski ni ghala: kabichi hulala humo hata taa zikizimwa. Kumbukumbu ni meza: mzigo unaoshughulikiwa sasa hivi humwagwa juu yake, na umeme ukikatika meza hubaki tupu. Meza ikiwa finyu, mchambuaji hushinda akienda ghalani na kurudi. Ndivyo kompyuta inavyozorota mtu anapofungua kurasa nyingi za intaneti pamoja na barua anayoichapa. Meza ikishatosha, hata hivyo, kuiongeza ukubwa hakumfanyi mchambuaji awe mwepesi zaidi. Na ikiwa ghala lenyewe ni diski kuukuu ya kuzunguka, aghalabu fedha yenu itafanya kazi zaidi mkinunua kwanza diski ya SSD. Jambo hili muuzaji wa kumbukumbu hatawaambia.

Kumbukumbu zina vizazi. Katika maduka yetu leo hukutwa DDR3, iliyoingia sokoni mwaka 2007, DDR4 ya mwaka 2014, na DDR5 iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2021. Ubao mama hukubali kizazi alichokusudia mtengenezaji wake, na mwanya ulio kwenye ukingo wa kipande huhamishwa kila kizazi makusudi, ili kisichohusika kisiingie. Kikigoma kuingia, msikilazimishe. Ziko pia zile fupi, karibu nusu ya urefu, ambazo ni za kompyuta mpakato. Basi jina la kizazi lisomwe kwenye ubao mama wenyewe, si katika kumbukumbu za fundi. Andikeni namba ya ubao ule kwenye karatasi, au ipigeni picha kwa simu, ndipo mpande basi.

Sasa tuje kwenye lebo, ambako kijana wetu aliponzwa. Kwenye kipande cha DDR3 mtaona maandishi kama PC3-12800U. Tarakimu 3 ni kizazi. Namba 12800 ni kasi, yaani megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde moja; ndiyo kasi ileile wauzaji wanayoiita 1600, kwani kila usafirishaji hubeba baiti 8, na 1600 mara 8 ni 12800. Herufi inayofuata ndiyo yenye hukumu. U ni ya kompyuta ya mezani ya kawaida. S ni ya kompyuta mpakato. R ni ya seva. Katika DDR4 herufi hiyo hukaa baada ya kistari kinachofuata kasi, kwa mfano PC4-2400T-UA1. Mkiona R mahali pa U, rudisheni kipande mezani hata kama bei yake inatia tamaa. Tena ni nafuu kwa sababu hiyohiyo: seva zikistaafishwa huko ng'ambo, kumbukumbu zake humwagwa sokoni kwa wingi, na walio na mashine za kuzitumia ni wachache. Kwa DDR3 na DDR4 mwanya wa seva na wa mezani uko mahali pamoja, kwa hiyo kuingia kwa kipande si ushahidi wa lolote.

Wapo watengenezaji wanaobandika lebo zenye namba zao wenyewe, zisizo na herufi hizi. Hapo hesabuni chipu nyeusi. Kipande cha kawaida aghalabu huwa na 4 au 8 kwa upande. Cha seva huwa na 9 au mafungu ya 9, kwa kuwa ile ya ziada husahihisha makosa, na katikati huwa na chipu nyingine tofauti. Kuna pia vipande vya DDR3 vya bei ya chini mno vilivyoandikwa kuwa ni vya AMD pekee. Mwenye prosesa ya Intel asivinunue.

Kuhusu ukubwa, maoni yetu ni haya. Kwa steshenari, ofisi ya kata au mwanafunzi, GB 8 zinafaa. Anayefungua kurasa nyingi mchana kutwa au kuhariri picha achukue GB 16. Vijana wanaohariri video za harusi wataona faida ya 32. Ni vyema vipande viwe viwili vinavyofanana, kwani ubao huvisoma kwa pamoja na kazi huenda haraka zaidi. Kwenye ubao wenye nafasi 4, kwa kawaida hupachikwa katika ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Mwenye fedha ya kimoja anunue kimoja, aache nafasi ya mwenzake. Hakikisheni pia kwamba Windows yenu ni ya biti 64. Ile ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, na tumeona mtu akimshutumu muuzaji wa watu kwa GB 8 ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

Bei nazo zina habari yake. Mwishoni mwa mwaka 2025 kumbukumbu zilipanda bei kwa kasi duniani, kwa kuwa Samsung, SK hynix na Micron, ambazo hutengeneza sehemu kubwa ya chipu hizi, zilielekeza nguvu kwenye mitambo ya akili unde. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kwamba itaacha kuwauzia wanunuzi wa kawaida bidhaa zake za jina la Crucial. Si kila upandaji wa bei huletwa na soko peke yake: Mei 2010 Tume ya Ulaya iliwatoza watengenezaji wa chipu za kumbukumbu faini ya jumla ya euro milioni 331 kwa kupanga bei kati ya mwaka 1998 na 2002. Kwenu hapa, bei ikipanda, vya mtumba vilivyosuguliwa na kubandikwa lebo mpya huongezeka.

Kwa hiyo ombeni kipande kijaribiwe mbele yenu. Katika Windows, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mfungue ukurasa wa utendaji. Hapo huonekana ukubwa, kasi na idadi ya nafasi zilizotumika. Kisha mwambieni muuzaji waziwazi kompyuta ni ipi na kazi ni ipi, na maneno hayo yaandikwe kwenye risiti: kizazi, ukubwa, kasi, kipya au mtumba, kwa ubao mama namba fulani. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, ikiwa ni pamoja na kumwambia kitu ni kipya ilhali sicho. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, nayo humtaka muuzaji atoe kitu kinacholingana na maelezo yake, na kinachofaa kwa kazi aliyotajiwa na mnunuzi aliyeutegemea ujuzi wake. Kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" hakimpi mtu ruhusa ya kuuza kitu tofauti na alichokitaja. Risiti ya kijana wetu iliandikwa "RAM 2" tu. Aliporudi dukani, muuzaji alimjibu kwamba RAM mbili aliomba na RAM mbili alipewa, na sisi tuliposhika karatasi ile hatukuwa na pa kuanzia.

Neno moja kwa ajili ya milima hii. Ukungu na unyevu huchafua meno ya shaba na dhahabu ya kipande, na mashine hulia kana kwamba kumbukumbu imekufa. Kabla ya kununua nyingine, chomoeni waya wa umeme, mshike chuma cha boksi ili kuondoa umeme tuli mwilini, mtoe kipande, mfute meno yake kwa kitambaa kikavu laini, mkirudishe mpaka vibanio viite "tak". Mara nyingi huwaka.

Mezani hapa tumeweka vipande vinne: cha mezani, cha mpakato, cha seva, na kimoja ambacho lebo yake imebandikwa juu ya nyingine. Karibuni mvishike, na mwenye picha ya ubao mama wake kwenye simu atangulie mbele.