Mpishi Ashikapo Kalamu

Mhadhara wa umma uliotolewa Mikocheni, Dar es Salaam



Desturi ya mihadhara ya namna hii ni msemaji kuchagua jambo zito ili naye aonekane mzito. Basi naomba radhi mapema, maana mimi nimechagua jiko. Sikulichagua kwa mzaha. Mwaka 1226, mjini Baghdad, Muhammad bin al-Hasan aliandika kitabu cha mapishi, na katika dibaji yake akazipanga starehe za mwanadamu, akaiweka ya chakula mbele ya zote. Wala hakuna aliyemwambia kwamba ameishusha hadhi ya elimu. Tena mahali tulipoketi paitwa Mikocheni kwa sababu ya mikoche, miti ile ya ukoo wa mitende ambayo majani yake yalisukwa mikeka na makanda na bibi zetu, na si mbali na ukumbi huu kipo kituo cha utafiti wa kilimo ambacho asili yake ni mradi wa taifa wa minazi ulioanzishwa mwaka 1979. Kwa hiyo mtu akizungumza habari za nazi Mikocheni, hajatoka nje ya mtaa.

Jambo lenyewe ni hili. Katika miaka ya karibuni wametokea miongoni mwetu watu, na wengi wao ni wanawake, ambao huandika na kuonyesha mtandaoni namna ya kupika vyakula vya jadi na vya kila siku: kisamvu, mlenda, makande, mtori, pweza wa nazi, mkate wa kumimina, hata chipsi mayai, ambazo wazee hawakuzijua lakini leo ni chakula cha mji huu sawasawa na ugali. Yupo Miriam Kinunda, Mtanzania aliyeandika mapishi ya kwao akiwa Marekani hata yakawa kitabu. Wapo Fauzia Afif, mwenye mapishi ya pwani ya Kenya, na Kaluhi Adagala wa Nairobi. Na kwa upande wa Afrika ya Magharibi yupo Ozoz Sokoh, Mnigeria ambaye huchimba historia ya mapishi ya kwao kama mwanachuoni achimbavyo nyaraka. Nyuma ya hao wenye majina wako wengine wengi wasiojulikana ila kwa watazamaji wao, kila mmoja na simu yake na sufuria lake.

Najua kwamba wasomi aghalabu huwatazama watu hawa kwa jicho la kando, wakidhani kazi yao ni mchezo wa kupitishia wakati. Mimi nashika kinyume cha dhana hiyo, na ushahidi wangu ni wa tarikh.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alishuka Mogadishu akakirimiwa, na akatuachia tafsili ya mlo: wali uliopikwa kwa samli, juu yake michuzi ya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na kando maziwa ya mgando, ndimu na pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Akaongeza, kwa mshangao usiofichika, kwamba mtu mmoja wa mji ule hula kadiri ya chakula cha watu kadhaa wa kwao. Alipofika Mombasa akasema watu wake hula ndizi na samaki, akapita. Yeyote kati yenu aliyekula achari ya ndimu kwa wali wiki hii atautambua mlo ule, ijapokuwa umepita muda wa karne saba. Walakini mgeni yule aliketi barazani, sinia likaletwa likawekwa mbele yake. Nani alipika? Samli ilitiwa kabla ya maji au baada yake? Wali ulipaliwa makaa juu ya mfuniko au haukupaliwa? Hakuuliza, wala hakuna aliyemtarajia aulize, maana mlango wa jikoni haukuwa mlango wa wageni.

Mwaka 1928 kilichapishwa Nairobi kitabu cha mapishi cha walowezi, kazi ya chama cha wanawake wa kanisa la Mtakatifu Andrea, nacho kilimpa bibi wa nyumba maarifa ya kusimamia jiko ambalo mikono iliyofanya kazi ndani yake haikuwa yake. Mpishi katika kitabu kile ni mtu wa kuamrishwa. Baada ya uhuru, hapa kwetu Tanzania, mambo yaligeuka, na ni haki kuyasifu: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, ziliwakusanya watu vijijini kuzunguka redio, wakajifunza na kujadiliana. Lakini hata humo maarifa yalitoka kwa mtaalamu yakamwendea mama. Mama alisikiliza, akafunzwa lishe, akarudi jikoni kwake na ujuzi wake mwenyewe ambao haukuandikwa popote.

Mlaji aliandika, kisha mwenye nyumba, kisha mwalimu. Mpishi hakuwahi kushika kalamu. Leo ameishika, na ndiyo sababu nimesimama mbele yenu.

Niruhusuni niwapeleke jikoni kidogo. Jirani yangu, mama wa makamo mwenye asili ya Pangani, huonyesha mapishi kwa simu aliyoiegemeza kwenye kopo la sukari, na siku moja alinikaribisha nishuhudie, kwa sharti nisiseme neno wala nisiguse kitu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya pweza wa nazi. Pweza alikwisha kupigwa hata akalainika, akachemshwa kwa maji yake mwenyewe, na nazi mbili zilizokomaa zilikuwa zimekunwa kwa mbuzi, kwa kuwa mama huyu hataki kusikia habari za tui la pakiti. Binti yake alikuwa na daftari. Bibi, mama mzazi wa jirani yangu, alikalia kigoda karibu na mlango kama kadhi anayesubiri mashahidi.

“Mama, chumvi kiasi gani?” akauliza binti.

“Kiasi.”

“Kiasi gani, mama? Watu watauliza.”

“Itie mpaka ikolee.”

Bibi akacheka pale kigodani. “Mwandikie hivi, mjukuu wangu: ukionja ukatamani kuonja tena, imekolea, ukionja ukataka maji, umekwisha kuharibu.”

Kisha nazi ikatiwa maji kidogo ya vuguvugu, ikakandwa, ikakamuliwa kwa kifumbu, na tui la kwanza likatoka zito jeupe likawekwa kando. Machicha yakatiwa maji tena, likatoka tui la pili, jepesi, nalo ndilo lililotangulia sufuriani pamoja na nyanya, kitunguu, bizari na pweza mwenyewe. Lile la kwanza lilingoja hadi mwisho, likamiminwa polepole huku mwiko ukizunguka pasipo kusita, maana likiachwa lichemke peke yake hukatika. “Sasa tia kasimile,” alisema bibi. Binti akainua uso: “Tia nini, bibi?” “Kasimile.” Binti akafikiri kidogo, akaandika daftarini: tui zito.

Mengi yaliyomo katika mhadhara huu nimeyatoa katika nusu saa ile. Mwaona kwamba kazi ya binti haikuwa kunakili tu. Alikuwa akimlazimisha mama yake aseme jambo ambalo halijapata kusemwa, kwa sababu mkono ulilijua kabla ya ulimi. Wanaodai kwamba mapishi yetu hayapimiki wasahau kwamba pwani hii ilikuwa na vipimo vyake: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na pishi ingali hai kila mwisho wa Ramadhani, watu wanapotoa zaka ya fitri. Upungufu haukuwa wa vipimo, bali wa mtu wa kuuliza. Nami nimeonja matunda ya kutouliza. Niliwahi kujaribu mkate wa kumimina kwa kufuata maelezo niliyoyakuta mtandaoni, mchele umelowekwa usiku kucha, umesagwa kwa tui, hamira, iliki na ute wa yai vimo, yote sawa. Lakini niliposoma “vikombe viwili” nilitwaa kikombe cha uji, ilhali mwandishi alikusudia kikombe cha chai. Nilipata kitu ambacho fundi mwashi angekikubali.

Jambo jingine nililoling'amua ni kwamba aliye karibu na mama yake aghalabu haandiki, bali huuliza tu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maandishi haya imetoka kwa walio mbali: yule aliyeko Ohio au Leicester wakati wa baridi, asiye na mtu wa kumwita kutoka chumba cha pili, au wale ndugu zetu wa Muscat wazungumzao Kiswahili, ambao majikoni mwao kitumbua na wali wa nazi vingalipo, kama vile bokoboko lilivyotoka upande wao likapata makao Unguja. Umbali umewafanya waandishi. Na sasa umbali umeingia hata ndani ya mji mmoja, maana kijana aliyepanga chumba Kinondoni, mama yake akiwa Temeke, aweza kuhitaji maelezo ya kupika matembele sawa na aliyeko ng'ambo, hasa akiwa na haya ya kupiga simu.

Kazi hii haikupita bila vikwazo. Hapa nchini, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu aombe leseni na kulipa ada ambazo, kwa kuanzia, zilifika shilingi 2,100,000: maombi, leseni yenyewe na ada ya mwaka, na kwa maandishi ya kanuni zile, mwandishi wa maandazi alisimama katika mstari mmoja na mwandishi wa siasa. Kwa mama auzaye vitumbua asubuhi, fedha hiyo ni vitumbua vingapi, hesabuni wenyewe. Kanuni zile zilifutwa zikawekwa nyingine mwaka 2020, nazo zikarekebishwa 2022, nami sitazitia maji zaidi.

Shutuma yangu kwa waandishi hawa ni moja, nayo ni ya adabu. Wanazuoni wa hadithi hawakupokea neno pasipo isnadi: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani. Mapishi hunyang'anywa kila siku, picha ikahamishwa, maneno yakabadilishwa mawili matatu, na jina la mpishi likafutwa. Na huyo anayelalamika kwamba ameibiwa, mara nyingi naye hakumtaja shangazi aliyemfundisha. Lau kila pishi lingeandikwa kwamba limepokewa kwa mkwe wa Kilwa au kwa mama lishe wa soko la Kawe, mwenye kuridhia kutajwa akatajwa, tungekuwa na taalifu ya historia ambayo hakuna chuo kilichoweza kuikusanya.

Kuhusu lugha nina neno refu kidogo. Wengi huandika kwa Kiingereza kwa sababu kwa wasomaji wa lugha hiyo ndiko yaliko malipo, nami siwalaumu, maana hata kalamu hula. Lakini mpishi akiandikia mgeni, hueleza. Akiandikia mwenziwe, hutaja. Katika kueleza, kifumbu huwa kichujio, machicha huwa makapi, kupalia huwa kuweka moto juu, na kila neno linalogeuzwa hivyo huondoka na ujuzi uliokuwa ndani yake. Wala si maneno tu: minazi yenyewe imo hatarini. Maradhi yameiua mingi katika pwani hii, na watafiti hapa Mikocheni wamekaa miaka mingi wakitafuta miche itakayostahimili. Mnazi ukifa, hupandwa mwingine. Neno likifa, sijui kitalu chake.

Nilirudi kwa jirani yangu juma lililofuata, nikamwomba binti anionyeshe daftari. Pishi lilikuwa limeandikwa vizuri, kwa mwandiko safi, chumvi kijiko kimoja cha chai na nusu, na maneno ya bibi juu ya kuonja yamo kama alivyoyasema. Basi kwake yeye, na kwenu nyote mnaoandika, nina ombi moja dogo: mkifika pale tui la kwanza linapomiminwa, liandikeni kasimile.